Mbachao wa Kompyuta Yangu

Saa tatu na nusu usiku, Ijumaa moja ya Julai 2023, kompyuta yangu mpakato iliniandikia mistari mingi ya maandishi meupe juu ya skrini nyeusi, kisha ikanyamaza. Nilibonyeza kibodi, haikuitika. Nikaizima na kuiwasha tena, ikarudia maneno yale yale na kusimama pale pale. Ndani yake kulikuwa na kurasa 41 za tafsiri ya mwongozo wa wakunga, kazi niliyotakiwa kuikabidhi Jumatatu asubuhi. Nakala yangu ya mwisho kwenye flashi ilikuwa ya wiki tatu nyuma, na haikuwa na hata ukurasa mmoja katika hizo.

Yaliyotokea kati ya usiku ule na Jumapili jioni yamebadilisha namna ninavyofanya kazi. Ninayaandika kwa ajili ya kila mtu anayetegemea kompyuta moja ndogo kumpatia riziki, na ambaye siku moja atakuta imegoma kuwaka baada ya kupandishwa toleo.

Mashine yenyewe ina uzito wa kilo moja na robo. Niliinunua kwa sababu hiyo. Mtafsiri wa mkoani hutembea: leo uko Tanga mjini kwenye semina, kesho uko Muheza, keshokutwa Korogwe ndani ya basi lililojaa. Kompyuta inayoingia kwenye mkoba pamoja na kanga na chupa ya maji ni neema. Lakini ilikuwa na kumbukumbu ya GB 4 tu na diski ya GB 64, na Windows iliyokuja nayo ilikuwa imeilemea. Ndipo nikaiwekea Debian, moja ya familia kongwe za Linux.

Debian ilianzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock, aliyeunganisha jina la mpenzi wake Debra na lake mwenyewe. Kiini chake, yaani kerneli ya Linux, kilianza mwaka 1991 mikononi mwa Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki mwenye umri wa miaka 21. Kwangu mimi, habari hizi hazikuwa za mbali. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Nilipoona kwa mara ya kwanza menyu za kompyuta zikisema lugha ninayoiota usiku, nilijua kazi nitakayofanya maishani. Programu zile ziliwezekana kwa sababu mtu yeyote aliruhusiwa kuzifungua, kuzisoma na kuzifasiri. Tangu hapo nimekuwa na mapenzi na ulimwengu huo, na Debian ilipoifanya mashine yangu nyepesi iwe nyepesi pia katika kufanya kazi, mapenzi yakaongezeka.

Matoleo ya Debian hupewa majina ya wahusika wa filamu za Toy Story. Mimi nilikuwa natumia toleo la 11, Bullseye, jina la yule farasi. Tarehe 10 Juni 2023 likatoka toleo la 12, Bookworm. Nikasubiri mwezi mmoja, kisha nikaamua kuhama.

Hapa lazima nieleze jambo moja kuhusu diski yangu, kwa kuwa kisa chote kimelala hapo. Kazi yangu hunipitishia nyaraka za watu: taarifa za hospitali, mikataba, barua za mahakamani. Kwa hiyo nilipoweka Debian niliifunga diski kwa nywila, ili mwizi akiichukua kompyuta asiweze kusoma chochote. Lakini diski iliyofungwa yote haiwezi kuwaka, kwa maana kuna kitu lazima kisomwe kabla nywila haijaulizwa. Hivyo mfumo hutenga kipande kidogo kisichofungwa, kiitwacho /boot, na humo huweka kerneli na vitu vichache inavyohitaji ili kuamka. Kwangu mimi kipande hicho kilikuwa na nafasi isiyofika MB 250. Nilikitenga siku ya kwanza, nikakisahau.

Ijumaa ile baada ya Magharibi niliunganisha simu na kompyuta kwa waya ili itumie bando la simu, maana mashine yenyewe ni nyembamba mno hata haina tundu la waya wa mtandao. Nikafungua faili linalotaja mahali programu zinapochukuliwa, nikabadilisha neno bullseye kuwa bookworm kila lilipotokea, nikatoa amri ya kusasisha, kisha apt full-upgrade. Zaidi ya GB moja na nusu zikaanza kushuka. Zilipokwisha kushuka, programu zikaanza kufunguliwa na kupangwa moja baada ya nyingine, na maandishi yakapita skrini nzima kwa kasi.

Saa mbili na robo umeme ukakatika. Kompyuta ikaendelea kwa betri, nami nikaenda jikoni kumalizia chakula kwa mwanga wa tochi. Niliporudi, maandishi yalikuwa yametulia na alama ya kungoja amri ilikuwa imerudi. Nikafurahi kwamba imekwisha kabla betri haijaisha. Nikaiwasha upya papo hapo.

Mistari ile ya mwisho, iliyokuwa juu ya alama ya kungoja amri, sikuisoma. Nimeyafikiria sana macho yale yaliyotazama bila kusoma, kwa sababu kusoma ndiyo kazi yangu.

Usiku ule niliuhukumu umeme. Kwa nini nisiuhukumu? Ulikatika katikati ya kazi, na kazi ikaharibika. Hata usingizi uliponichukua nilikuwa bado nailaani ile saa mbili na robo. Laiti ningetulia, ningekumbuka kwamba kompyuta haikuzimika hata kwa nukta moja, kwamba betri ilikuwa na zaidi ya nusu, na kwamba kilichokatika kilikuwa mwanga wa chumba tu. Lakini tukio kubwa likitokea karibu na hasara, moyo huyafunga pamoja kama mzigo wa kuni, wala hauulizi kama kweli yanahusiana.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwa fundi, kijana mwenye kibanda cha kompyuta na simu huko Ngamiani, Tanga.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba, mdogo wangu. Kompyuta imegoma kuwaka, na kazi yangu yote imo humo.”

Aliipindua, akafungua skrubu za chini kwa ustadi, akainua mfuniko, akatazama kwa muda. Najua alichokuwa anatafuta. Mafundi wetu wana njia moja iliyookoa kazi za watu wengi: wanachomoa diski, wanaiweka kwenye kasha la USB, wanaiunganisha na kompyuta nyingine na kuhamisha mafaili. Safari hii akatikisa kichwa.

“Hii haichomoki, dada. Diski yenyewe imechomelewa kwenye ubao, ni kichipu tu hiki hapa. Hizi nyembamba ndivyo zilivyo.”

Sikulijua hilo. Nilikuwa nimeununua wepesi bila kuuliza umepatikanaje. Watengenezaji huupata kwa kuondoa: huondoa tundu la waya, huondoa diski ya kuchomoa, huchomelea kumbukumbu isiweze kuongezwa. Kila walichokiondoa ni mlango mmoja ambao fundi angepitia siku ya shida. Siilaumu mashine, bado ninaipenda na ninaibeba. Lakini sasa namwambia kila anayeniuliza: mwenye kompyuta nyepesi awe mzito wa kuweka nakala za akiba, kwa sababu milango ya kuokolea ni michache.

“Tuipige upya tu,” fundi akasema kwa huruma. “Saa moja imekwisha.”

“Na kazi yangu?”

“Hapo ndiyo itakuwa imekwenda.”

Alipoona uso wangu, akauliza jambo ambalo ninamshukuru kwalo mpaka leo. “Kwani kabla hujaizima, iliandika nini?”

Sikuwa na jibu. Nikamwambia sikusoma. Akasema, “Basi, dada, mimi Linux siijui sana. Lakini hayo maandishi yanayotokea ikiwaka, si Kiingereza? Wewe si ndiyo kazi yako?”

Nikarudi nyumbani na kompyuta yangu.

Kwenye ufundi wetu wa tafsiri tuna sheria ambayo kila mwanafunzi hufundishwa wiki ya kwanza: usiguse sentensi hata moja kabla hujasoma matini yote kutoka juu hadi chini. Nikaiwasha kompyuta, nikaipiga picha skrini kwa simu, nikakaa mezani na karatasi na kalamu, nikaanza kutafsiri maneno yale kama ninavyotafsiri kazi ya kulipwa.

Neno la kwanza lililonishtua lilikuwa panic, taharuki. Nilikuwa nimeliona tangu usiku na kulisoma kama hukumu ya kifo. Lakini nani ametaharuki? Kerneli. Basi kerneli iko hai, imeamka, na imeweza hata kulalamika. Maiti haitaharuki. Sentensi ya pili ilisema imeshindwa kupachika mzizi. Mzizi ni ile sehemu ya diski yenye mfumo wote, programu na mafaili yangu. Haikusema mzizi umeharibika, ilisema haikuufikia. Mwishoni kulikuwa na mabano yenye sifuri mbili, mahali ambapo ingepaswa kuwa na namba ya kifaa. Sifuri kwa sifuri: haikuona diski yoyote.

Kazi ya kuelewa kwa nini ilinichukua mchana mzima, nikisoma miongozo kwenye simu, na nilipoelewa niliona jambo lenyewe ni la kawaida kama maisha ya nyumbani. Kerneli inapoamka iko tupu. Haijui kusoma aina ya diski yangu, wala haijui kuuliza nywila. Ujuzi huo umo kwenye programu ndogondogo, na programu hizo zimo ndani ya diski ile ile iliyofungwa. Ni mtu aliyefungiwa nje, na funguo ziko ndani. Kwa hiyo kila kerneli huandaliwa furushi lake, linaloitwa initrd, na furushi hilo huwekwa nje ya kufuli, kwenye kile kipande cha /boot. Ndani yake mna zana za kuona diski, kuuliza nywila na kufungua mlango. Kerneli huamka, hulifungua furushi, huingia nyumbani.

Kerneli mpya ya Bookworm, toleo 6.1, iliamka na haikukuta furushi. Hayo tu. Kurasa zangu 41 zilikuwa salama nyuma ya mlango uliofungwa vizuri.

Hapo ndipo nikakumbuka menyu. Kila ninapoiwasha kompyuta, kabla ya chochote, hutokea menyu kwa sekunde tano, nami nimezoea kuiacha ipite. Ndani yake kuna mstari wa chaguo za ziada. Niliwasha, nikaushika mstari ule, nikabonyeza. Juu kabisa ilikuwa kerneli 6.1. Chini yake zikafuatana kerneli tatu za 5.10, zile za Bullseye, kila moja ikiwa na tarakimu zake za mwisho tofauti. Nikachagua iliyo mpya zaidi kati ya hizo tatu.

Mistari ikapita. Kisha skrini ikaniuliza nywila.

Sijui kama nimewahi kuandika nywila kwa mikono inayotetemeka kiasi kile. Baada ya dakika moja nikaona meza yangu ya kazi, na folda ya wakunga ikiwa pale pale.

Wazee walisema: usiache mbachao kwa mswala upitao. Mbachao ni mkeka uliochakaa, umetoka nyuzi, hauna uzuri wa kumtandikia mgeni. Lakini ndio uliolalia jana na ndio utakaolalia kesho, ilhali mswala mzuri ni wa mtu mwingine apitaye njia. Methali hii nimeitafsiri mara nyingi na sikuwahi kuihisi mwilini mpaka jioni ile. Kerneli ya zamani, niliyokuwa nahangaika kuikimbia, ndiyo iliyonifungulia mlango.

Sikuanza kutengeneza. Nilichomeka flashi kwanza, nikanakili kazi yote, nikaichomoa, nikaiweka kabatini. Hili nalihesabu kuwa jambo la busara pekee nililolifanya kwa wakati wake siku zile mbili. Aliyepata upenyo wa kuingia kwenye nyumba inayoungua huokoa watoto kwanza, ndipo auzime moto.

Kisha nikaenda kusoma nilichokosa kukisoma Ijumaa. Debian huandika kila kinachopita kwenye skrini wakati wa usakinishaji, na huyaweka maandishi hayo katika faili la /var/log/apt/term.log. Nilirudi nyuma mpaka saa mbili na nusu usiku. Palikuwa na mstari unaosema hakuna nafasi iliyobaki kwenye kifaa. Ulikuja pale mfumo ulipokuwa unalifunga furushi la kerneli 6.1. Baada yake zikafuata lawama nyingi, za programu hii kushindwa kwa sababu ya ile, mpaka mstari wa mwisho ulioripoti kosa la jumla tu. Zote zilikuwa matokeo. Chanzo kilikuwa ule mmoja wa katikati.

Nikatoa amri ya df -h /boot. Jibu likaja: asilimia 100.

Kerneli tatu za zamani na mafurushi yake zilikuwa zimekijaza kipande kile. Kila furushi lilikuwa na MB zisizopungua 50, na la nne halikupata pa kukaa. Umeme haukuwa na hatia yoyote. Na kibaya zaidi, nilikwisha ambiwa. Kwa wiki kadhaa kabla ya siku ile, ujumbe mdogo ulikuwa ukitokea kwenye kona ya skrini ukisema nafasi ya boot inakaribia kwisha, nami nilikuwa nikiufunga kila mara ili niendelee na kazi. Ufa niliuona, sikuuziba.

Matengenezo yenyewe yalikuwa mafupi kuliko hofu. Kwanza niliuliza kwa amri ya uname -r ni kerneli ipi inayofanya kazi sasa hivi, nikaiandika kwenye karatasi, ili nisije nikakata tawi nililokalia. Nikaorodhesha kerneli zote zilizosakinishwa, nikaziondoa zile mbili kongwe na kuacha ile moja iliyonipokea. Nafasi ikapatikana. Kisha nikatoa amri ya dpkg --configure -a, inayomalizia programu zilizoachwa nusu, na safari hii nilikaa mbele ya skrini nikisoma kila mstari. Furushi la 6.1 likafungwa bila malalamiko. Nikarudia apt full-upgrade mpaka ikasema hakuna kilichobaki, nikaihuisha menyu ya kuwashia kwa update-grub.

Kabla ya kuiwasha upya nilifungua kipande cha /boot na kuhesabu. Kerneli mbili, mafurushi mawili, kila moja na lake. Ndipo nikawasha. Jumapili saa kumi na moja jioni, Bookworm iliniuliza nywila. Jumatatu asubuhi mwongozo wa wakunga ulikuwa mikononi mwa wenyewe.

Baadaye nilitafakari sana juu ya jambo moja ambalo halikunikalia sawa. Kerneli za zamani ziliniokoa, kweli. Lakini ni hizo hizo zilizoniangusha. Kama nisingekuwa na hata moja, ningekosa mlango ule wa kuingilia, na kama ningekuwa na moja badala ya tatu, hakuna kitu ambacho kingeharibika. Methali ya wazee inasema mbachao, haisemi mibachao. Haituambii tukusanye kila kilichochakaa mpaka mgeni akose pa kukaa. Inatuambia tujue ni kipi cha zamani kinachotubeba, tukihifadhi hicho kwa makusudi, vingine tuviage.

Mfumo wenyewe unalijua hilo. Debian ina amri ya apt autoremove, ambayo huziondoa kerneli zisizohitajika tena na kubakiza ile inayotumika pamoja na za karibuni. Lakini inangoja uiite. Uamuzi wa kuachana na cha zamani imewaachia wenye nyumba, na mimi sikuwahi kuuchukua.

Nimeona hili pia katika kazi yangu. Nilikuwa na tabia ya kuhifadhi rasimu saba au nane za kila tafsiri, kwa woga, na mara nyingi nilijikuta sijui ipi ni ipi, hata siku moja nikamtumia mteja rasimu iliyopitwa. Sasa nahifadhi mbili: ninayoifanyia kazi, na ya mwisho iliyosomwa na kukubaliwa na mtu mwingine. Ya pili siigusi mpaka mpya isimame kwa miguu yake.

Wiki ile nilirudi Ngamiani na maandazi, nikamweleza fundi yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaomba nimwonyeshe ile amri ya kupima nafasi. Akaiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye ubao wa juu ya meza yake, na chini yake akaongeza swali lake mwenyewe: iliandika nini kabla hujaizima? Sasa mteja yeyote anayefika pale huulizwa hilo kabla mashine haijafunguliwa skrubu.

Nami Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya kunywa chai, huchomeka flashi na kunakili kazi, kisha hufungua kipande kile kidogo kisichofika MB 250 na kuhesabu kerneli. Zikiwa mbili, nafunga. Zikizidi, naondoa kongwe, nikiwa nimekwisha andika kwenye karatasi jina la ile ninayoikalia.